Shikamoo Mbele ya Chupa Wazi

Siku yangu ya kwanza maabara nilifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kushika kisu. Tulikuwa tukizalisha miche ya vanila kwa tishu: unakata kipande cha shina chenye jicho, unakisafisha kwa dawa, unakipanda ndani ya chupa yenye jeli ya virutubisho. Jicho likichipua unaligawa na kupanda tena, mpaka mmea mmoja unazaa mamia. Yote hufanyika kwenye kabati linalopuliza hewa safi, na chupa ikiwa wazi husemi neno, maana mate yamejaa vijidudu. Mkuu wa maabara, mama mmoja asiyecheka ovyo, alinionya, "Ukitaka kuongea, funga chupa kwanza."

Nami niliogopa kila kitu. Kibali changu cha kuishi Sydney kilitegemea kazi ile, na maabara yenyewe ilikuwa Villawood. Kila asubuhi nilipita kando ya uzio wa kituo wanakozuiliwa wahamiaji, nikiharakisha hatua kama ninayeitwa kwa jina kutoka ndani.

Chupa zetu zilioshwa na Mama Neema, Mtanzania mwenzangu, wa umri wa mama yangu. Asubuhi moja alipita nyuma yangu na trei. Mikono yangu ilikuwa juu ya chupa zilizo wazi za mmea mama, zile ambazo miche yote ingetokana nazo. Kabla sijafikiri, mdomo ulishasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akaenda zake.

Siku ya nne baada ya salamu ile, jeli ilikuwa na utando mweupe kuzunguka kila shina. Chupa zote zikatupwa. Mkuu alituita, akauliza kama zilioshwa sawasawa. Nilijua nilichofanya, na sikusema. Mama Neema alinitazama kidogo, kisha akasema labda kosa ni lake, labda mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu haikufikia joto lake.

Alikuwa kibarua wa kuitwa. Hakufukuzwa, ila hawakumwita tena.

Mimi nikabaki. Nikawa msimamizi wa chumba cha ukuaji, baadaye mkufunzi wa wafanyakazi wapya. Hata baada ya kupata uraia, jeli ikibadilika rangi tu moyo ulinienda mbio. Nyinyi vijana mnaoniuliza siri ya mikono yangu safi, siri ni woga. Sina nyingine.

Wiki niliyostaafu nilikwenda nyumbani kwake Blacktown. Nikamweleza yote. Yeye aliendelea kumenya viazi.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mimi nilikuwa na visa yangu ya kudumu, wewe ungerudishwa. Halafu mle ndani, mwanangu, watu walikuwa wakinipita kama ukuta. Ni wewe peke yako uliyenisalimia."