Siku Nne Nyuma ya Baiskeli ya Mwanaidi

Aliyenitoa Johannesburg ni dada yangu, Mwanaidi. Tumezaliwa wawili tu, Tanga, na wazazi wetu wote wametangulia mbele ya haki. Yeye aliolewa Ufaransa, akabaki huko hata baada ya mumewe kufariki. Anahudumia wazee katika mji wa Tours. Mimi ni fundi cherehani hapa Mayfair, Johannesburg. Kwa miaka kumi na tisa tulikuwa ndugu wa simu ya Idi: salamu, afya, haya kwaheri. Mwaka huu akapiga siku isiyo na sikukuu yoyote.

"Kaka, njoo unitembelee. Lakini tutatembea kwa baiskeli. Kama hutaki, basi usije."

Nina miaka hamsini na sita, na goti langu la kulia limekanyaga cherehani tangu ujana. Nilikasirika, lakini nikajaza karatasi za viza. Mteja wangu Papa Deo, kinyozi Mkongomani wa mtaa wa Malvern, alinipa wosia mmoja: "Kule, hata kama nyumba inaungua, unasema kwanza bonjour, kisha unaomba mayi." Yaani salamu kwanza, maji baadaye.

Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, tuliondoka Tours. Mwanaidi alikuwa amefunga mabegi mawili kwenye kila baiskeli na kuvaa kofia ngumu juu ya mtandio. Nikamuuliza Saumur, tunakokwenda, ni mbali kiasi gani.

"Kilomita sabini na kitu."

"Kwa siku ngapi?"

"Nne."

Eish! Kwa gari hiyo ni safari ya saa moja. Na njia yenyewe inafuata mto Loire kuelekea magharibi, na upepo unatoka huko huko magharibi, kwa hiyo kutwa nzima ulikuwa unanipiga usoni. Kiti cha baiskeli kilikuwa chembamba kama pasi iliyosimamishwa. Lakini kilichonikera zaidi ni kusimama. Mwanaidi alisimama kutazama bustani ya kabichi. Akasimama kutazama paka dirishani. Nikipata mwendo tu, naye ananyoosha mkono: simama.

Mchana, Villandry, niliingia duka la mikate na kuonyesha kwa kidole mkate ninaoutaka. Mama wa duka akanikazia macho bila kusogea. Nikaonyesha tena. Wapi! Ndipo nikamkumbuka Papa Deo. "Bonjour," nikasema. Yule mama akatabasamu kama aliyekuwa akinisubiri tangu asubuhi, akanipa mkate.

Siku ya pili tulikuta kila kitu kimefungwa. Ilikuwa Jumatatu, na vijijini Jumatatu duka halifunguliwi. Tulikula mayai ya kuchemsha ukingoni mwa mto, tukaswali Adhuhuri kwenye nyasi, kisha Mwanaidi akajilaza chali kutazama mawingu.

"Mwana, tumefika wapi kwani?"

"Hapa," akajibu.

Jioni, Bréhémont, mwenye nyumba tuliyolala alituuliza kwa Kifaransa kama safari ni nzuri. Mwanaidi akajibu maneno mengi, wote wawili wakacheka. Nikamuuliza kasema nini. "Nimemwambia kaka yangu anafurahi kimoyomoyo."

Siku ya tatu, saa nne hivi, nilipasuka. Mwanaidi alikuwa amesimama kwa mara ya sita kutazama ndege mweupe mwenye miguu mirefu.

"Mimi sikuvuka Afrika nzima kuja kutazama ndege! Wewe endelea kushangaa, mimi natangulia!"

"Kaka, usiniache."

Nilimsikia vizuri. Nikakanyaga pedali, nikaondoka.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa tamu, sina haja ya kudanganya. Kisha njia ikagawanyika, nikashika ya kushoto, ikanipandisha kilimani katikati ya mashamba ya mizabibu. Mvua ikaja. Kwenye mteremko gurudumu likateleza, nikaangukia mtaroni, mnyororo ukakatika. Simu ilikuwa na maji, haikuwaka. Nikaburuta baiskeli huku nachechemea, nikijilaani mimi, goti na Ufaransa nzima, mpaka nikaona moshi ukitoka kwenye jiwe. Watu wa huko wamechonga vyumba ndani ya miamba. Bibi mmoja mwenye mvi akafungua mlango.

"Bonjour," nikasema, nikitiririka maji kama nguo iliyoanikwa kabla ya kukamuliwa.

Akaniketisha karibu na jiko na kunipa taulo. Katika begi langu akakuta kikaratasi alichoandika Mwanaidi chenye namba yake, akampigia. Kumbe mwenzangu alikuwa akinitafuta kwenye mvua saa mbili nzima.

Alipoingia, midomo ilikuwa inamtetemeka. Nilidhani ni baridi.

"Ndivyo ulivyo," akasema. "Ndivyo ulivyokuwa. Unajua kwa nini nilitaka baiskeli?"

Nilijua. Nilijua tangu aliponipigia ile simu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi na minane. Nilimkuta barabara kuu ya mtaa wetu juu ya baiskeli ya binamu yetu, anaendesha mwenyewe, anacheka. Marafiki zangu wakanitania kwamba dada yangu hana adabu. Nikamvuta mkono mbele ya watu wote. Akaanguka, mkono ukavunjika. Nyumbani nikamwambia mama kwamba Mwana amepanda ukuta akaanguka.

"Mama alinichapa," Mwanaidi akasema, "nikiwa na mkono umevunjika. Amekufa anaamini mimi ni mwongo. Na wewe kila Idi unaniuliza afya."

Bibi mwenye nyumba hakuelewa neno hata moja, ila alituwekea vikombe viwili vya chai, akatoka taratibu.

"Sikusahau, Mwana," nikasema. "Nilijifanya nimesahau. Nilikukosea, na mama nilimkosea. Nisamehe."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema. Basi.

Siku ya nne mnyororo ulikuwa umeungwa. Nikaendesha nyuma yake. Alisimama mara nyingi vilevile, na upepo haukupungua hata kidogo. Kule Candes, mito miwili inapokutana, alisimama muda mrefu. Nami nikasimama. Nikaona maji ya mto mmoja ni meusi kidogo, ya mwingine yana mchanga, nayo yanakwenda ubavu kwa ubavu kabla ya kuchanganyika. Alasiri tukaingia Saumur. Kiti kilikuwa kimenimaliza.

Wakati wa kurudi, kwenye stesheni ya treni, Mwanaidi alinikumbatia kwa mara ya kwanza. "Mwakani tuanze na mlima," akasema. Sikujua kama ni msamaha au adhabu.

Nimefika Mayfair siku ya Alhamisi. Wateja wananiuliza Ufaransa kukoje, nami nawaambia kuna upepo. Nilichojifunza si cha kusimulia dukani: kosa ulilolinyamazia halizeeki pamoja nawe. Wewe unaota mvi, lenyewe linabaki na nguvu zile zile za siku ulipolitenda.

Ijumaa baada ya swala nilimpigia shangazi yetu Tanga, mkubwa pekee tuliyebakiwa naye.

"Shangazi," nikasema, "Mwana hakuanguka ukutani. Ni mimi niliyemwangusha."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Hebu anza mwanzo," akasema. "Polepole."