Maswali sita ya Bi Saada, na la saba la mama mkwe

Saa tatu asubuhi, Bi Saada Nyange anavua viatu mlangoni pa nyumba ya tano tangu kulipokucha, anapiga hodi na kusubiri. Mkono mmoja ameshika daftari lenye jalada la bluu, mwingine mwavuli, ingawa mvua haijanyesha wiki nzima.

"Karibu, lakini usikanyage karafuu," inajibu sauti kutoka upenuni.

Si rahisi kutozikanyaga. Zimeanikwa uani, zimeanikwa njiani, na zilizochumwa jana zimerundikwa upenuni juu ya jamvi, zinangoja kuchambuliwa. Nyumba hii iko bondeni, Ole, kisiwani Pemba, dakika ishirini na tano kwa miguu kutoka barabara ya lami.

Wanawake wawili wamekaa kwenye jamvi, karafuu wanaziweka upande huu, makonyo, yale mashina yake, upande ule. Mmoja ni Bi Zuweina, mwenye nyumba, umri miaka 64. Wa pili ni mke wa mwanawe, Maha, miaka 28, mimba ya miezi minane. Amenyoosha miguu kwa sababu hawezi tena kukaa vingine.

Bi Saada, mwenye miaka 47, ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Ana kaya 83 za kuzitembelea, na mwezi huu ndani ya kaya hizo wamo wajawazito tisa. Kazi yake kubwa ni moja: kila mjamzito awe na mpango wa kujifungua kabla uchungu haujamwanzia.

Riziki yake ni muhogo anaoulima mwenyewe. Kuhusu posho ya kujitolea anasema kwa kifupi: "Ikija naijua, isipokuja naijua vilevile."

Ndani ya daftari kila mjamzito ana ukurasa wake wenye maswali sita. Utajifungulia wapi? Utakwenda na usafiri gani? Nani atakusindikiza? Nani atatoa damu ikihitajika? Nani atabaki na watoto? Na mume asipokuwepo, nani ataamua? Ukiyasoma kwenye kiti cha ofisini, yanaonekana maswali ya dakika tano.

"Watu wadhani kazi yangu kuandika," anasema Bi Saada. "Kazi yangu kungoja majibu. Kuna nyumba nimengoja miezi mitatu."

Ukurasa wa Maha una majibu karibu yote. Hii ni mimba yake ya tatu. Ya pili alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hapa hapa nyumbani, akapakiwa kwenye pikapu ya jirani yao, Ridha, na kufikishwa hospitali akiwa hajitambui. Safari hii kliniki wamemwambia ajifungulie hospitali, na wiki mbili kabla ya tarehe yake awe ameshahamia karibu na hospitali.

Mahali pa kuhamia papo. Kwao Maha ni Chake Chake, dakika kumi kwa miguu hadi hospitali. Mama yake ameshamtengea chumba. Kaka yake, Fahd, na binamu yake mmoja wameshapimwa damu. Watoto wake wawili watabaki kwa wifi yake, nyumba ya pili. Mkoba umefungwa tangu wiki iliyopita: kanga nne, mpira wa kutandika, pamba, glavu na nguo za mtoto. Beseni jipya limefunikwa juu yake.

"Kila kitu kipo," anasema Maha, bila kuinua macho kwenye karafuu. "Kinachokosekana ruhusa tu."

Mumewe, Turki, yuko kambi ya karafuu na hurudi nyumbani siku moja kwa wiki. Bi Saada anampigia mbele yetu, na sauti inasikika upenu mzima.

"Mie sina neno, Bi Saada," anasema Turki. "Akisema mama, ndo nshasema."

Na mama ameshasema. Amesema hapana.

Sababu yake si ukaidi mtupu, ingawa ukaidi hakuuacha nyuma. Huku, mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwao, na hakuna wa kumuuliza. Zinazofuata hujifungulia kwa mumewe. Mwanamke akionekana njiani na mkoba, anakwenda kwao na mimba ya tatu, mumewe hayupo, jawabu la watu ni moja: kasusa. Maana yake ameondoka kwa hasira, na hatarudi mpaka mume atume wazee wakamwombe. Habari ya aina hiyo haihitaji gari kufika Wesha, kule bandarini.

"Nyumba hii haijapata kususiwa," anasema Bi Zuweina. "Babu zangu walitoka Oman, mikarafuu yao ilikuwa kutoka hapa mpaka mtoni. Leo iko arubaini na mmoja, hesabu ukitaka. Mikarafuu ishakwenda. Jina ndo lililobaki. Na hilo nalo nikalipeleke Chake kwenye mkoba?"

Baadaye, Bi Zuweina alipokwenda jikoni kutia chai, Maha alituambia kwa sauti ya chini: "Naogopa. Siku ile nilikuwa nawasikia wanalia, nikawa siwezi kuwajibu. Sitaki tena kusikia vile."

Bi Saada naye ana siku yake asiyotaka irudi. Ni ya miaka tisa iliyopita, na ukurasa wake bado umo kwenye daftari la zamani analolihifadhi kabatini, kwake. Familia husika iliomba isitajwe.

Aliandika mpango wa mwanamke huyo mapema, mashamba yakiwa yamelala na kila mtu yuko nyumbani. Mume, dereva na watu wawili wa kutoa damu, wote walikubali palepale. Uchungu ulipoanza, msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto.

"Nimeandika majina manne," anasema. "Wote wanne walikuwa juu ya mikarafuu, kambi moja. Simu zao zimetiwa kwenye makoti, makoti yametundikwa chini. Zikalia mpaka zikazima."

Mwanamke yule alitolewa bondeni kwa baiskeli, akafika hospitali baada ya muda wa saa nne. Alipona. Mtoto hakupona.

"Hakuna aliyenilaumu," anasema Bi Saada. "Heri wangenilaumu. Nilimpangia mtoto wa msimu wa karafuu kwa watu wa mwezi wa njaa, wasio na kazi. Kosa langu, sikutumwa na mtu."

Tangu hapo huanza kuuliza mimba ikiwa na miezi mitano. Na kila anapotajiwa jina, huuliza kwanza mwenye jina hilo atakuwa wapi mwezi wa kujifungua utakapofika.

Bi Zuweina amerudi na chai. Bi Saada anaipokea, anaishukuru, anaisifia iliki. Kisha anafungua ukurasa mpya, mweupe, na kumgeukia mwenye nyumba.

"Bi Zuweina, nisaidie kuandika. Tufanye Maha yupo hapa hapa, haendi kwao. Uchungu umeanza leo, saa hii. Gari ya nani?"

"Ya Ridha," anajibu Bi Zuweina mara moja.

"Ridha yuko wapi saa hii?"

"Kapeleka karafuu za watu kituoni, zikauzwe."

"Kesho?"

"Kesho vilevile. Msimu huu, yakhe, humpati Ridha mpaka jua lizame."

Bi Saada anaandika jina la Ridha, kisha analipiga mstari. "Wa kumsindikiza?"

"Mumewe." Bi Zuweina anachambua karafuu mbili tatu. "Turki yuko kambini."

"Wa kutoa damu?"

"Anas." Huyo ni mwanawe mdogo. Safari hii Bi Zuweina hakungoja kuulizwa yuko wapi. "Yuko kambini na kakake."

"Sasa nani yupo?"

Vidole vya Bi Zuweina, ambavyo tangu asubuhi havijasimama, vinasimama. Anatazama uani, anatazama njia inayopanda kwenda kwenye lami. Ni mlima, na una mawe.

"Nipo mie," anasema. "Na magoti yangu haya."

Bi Saada anaandika: Bi Zuweina. Hilo halipigi mstari. Anamaliza chai, anafunga daftari, anaaga na kuvaa viatu vyake. Hakuongeza neno, nasi tulishangaa, maana tulidhani ndiyo kwanza anaanza.

"Nikimshinda pale mbele ya mke wa mwanawe, atanishikia lake mpaka mwisho," alitueleza njiani. "Mwache akae nalo."

Bi Zuweina alikaa nalo siku mbili.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Bi Saada alipopiga hodi alimkuta mama huyo ameshavaa baibui na viatu vya kutokea. Mkoba wa Maha ulikuwa miguuni pake.

"Tunakwenda," alisema. "Nampeleka mie. Na tunakwenda sasa hivi, watu wako njiani wanaanika."

Maha aliutaka mkoba wake. Hakupewa. Bi Zuweina aliubeba mwenyewe, mbele ya kifua, kama abebavyo mtu sinia la harusi. Maha alitangulia mikono mitupu. Bi Saada alifuata nyuma na beseni.

Safari ya dakika ishirini na tano ilichukua saa nzima kasorobo. Magoti yalichangia, lakini si peke yake. Kila penye jamvi la karafuu Bi Zuweina alisimama, akasalimia, akaulizia wagonjwa na kueleza jambo ambalo hakuulizwa. Katika nyumba moja hata hivyo aliulizwa.

"Mwenda wapi na mkoba, Bi Zuweina?"

"Nampeleka mke wa mwanangu kwao akajifungue. Hospitali wamesema awe karibu. Mkoba wake huu, nimeubeba mie."

"Na magoti hayo?"

"Magoti yangu. Wewe geuza karafuu zako."

Walipofika kwenye lami alikuwa anahema, na uso umelowa jasho. Hakuna hata mmoja, kutoka bondeni mpaka barabarani, aliyeweza kusema kwamba Maha kasusa. Mwanamke anayesusa hasindikizwi na mama mkwe wake. Bi Saada alicheka peke yake mpaka gari la Chake likaja, na alipoulizwa anachekea nini alisema jua limemwingia machoni.

Siku kumi na mbili baadaye, Jumatatu alasiri, Maha alijifungua hospitali mtoto wa kike, kilo tatu na robo.

Bi Saada alikuwa shambani, anapanda muhogo, simu ilipolia. Aliyepiga ni Bi Zuweina, kutoka hospitali, na hakuanza na salamu.

"Katoka damu. Kama siku ile, Saada. Kama siku ile ile."

Bi Saada anasema hapo aliliacha jembe, akakaa juu ya tuta.

"Lakini wamemuwahi," aliendelea Bi Zuweina. "Fahd na mwenzake wameshatoa damu. Yu macho. Aomba uji, na mie sijui nilie au nikapike."

Bi Saada alibaki pale juu ya tuta baada ya simu kukatika. Tulimuuliza alikaa muda gani. Alisema hakutazama saa, na kwamba siku hiyo hakupanda tena.

Tulirudi Ole wiki iliyofuata, tukitaraji kumkuta Bi Zuweina nyumbani. Hakuwepo. Upenuni, kwenye jamvi lake, alikaa Bi Saada, anachambua karafuu zisizo zake, daftari na mwavuli viko kando. Turki yuko naye, amerudi kutoka kambini kwa siku mbili, anachambua polepole kwa mikono iliyozoea kuchuma. Anasema mtoto amekwishamwona, na anacheka kila akimaliza sentensi.

Mama yake bado yuko Chake, kwa mama yake Maha, analala chumba kimoja na mzazi mwenyewe, Maha. Tulizungumza naye kwa simu. Tulimuuliza lini atarudi, kwa kuwa msimu haujaisha na wingu limeanza kujikusanya.

"Arubaini ikitimia, narudi naye," alijibu. "Nikirudi peke yangu sasa hivi, hao watu wa njiani watasemaje? Si ndo watasema kasusa kweli? Nshakwenda naye mchana kweupe, nirudi naye mchana kweupe."

Na karafuu?

"Karafuu mwambie Saada. Yeye ndo aliyenitia humu."

Bi Saada anazichambua. Anasema si kazi mbaya, mtu unakaa chini.

Katika daftari la bluu, chini ya maswali sita yaliyochapwa, ameongeza la saba kwa kalamu, kwenye kila ukurasa: Mama mkwe anasemaje? Matumaini yake ni kwamba madaftari mapya yatakapochapwa, swali hilo litakuwemo, na siyo chini. Analitaka liwe la kwanza. Ameshawaambia wakubwa wake kituo cha afya, wakamwambia aandike barua. Barua ameiandika. Anangoja, kazi anayoijua.

Saa nne na nusu anakung'uta nguo, anavaa viatu na kuchukua mwavuli wake. Nyumba inayofuata ni ya Rumaitha, mimba ya kwanza, miezi mitano kamili. Tunamuuliza ataanza na swali gani.

"Rumaitha simwulizi kitu leo," anasema, huku ameshaanza kupanda mlima. "Leo nakwenda kumsalimia mama mkwe wake."