Papa Matundu na Shodiere ya Evere

Kabamba aliniudhi tangu alipovuka mlango, na siongezi chumvi. Mwanamume wa miaka kama hamsini, sanduku la vyuma mkono mmoja, kofia mkono mwingine. Aliingia kwa mdogo wangu Antoinette, pale Evere, mjini Bruxelles, akasalimia vizuri, kisha akaomba kiti. Kiti! Mimi nimesimama na ndoo tupu, yeye anakaa mbele ya shodiere kama muntu anayengoja misa ianze. Hiyo shodiere ndiyo mashine ya ukutani inayochemsha maji ya kuoga na kupasha nyumba nzima moto. Aliitazama tu. Sanduku hakulifungua.

Ilikuwa Januari, mwaka wa tisini na tano. Antoinette alikuwa na siku tisa tangu ajifungue mtoto wa kike. Sisi watu wa Bukavu, mzazi hatumwachi apigwe na baridi. Asubuhi na jioni unamkanda kwa maji ya moto, yale ambayo mkono wako mwenyewe unayaogopa, unamfunga tumbo kwa kitenge, unamfunika, unafunga mlango. Mimi Marie-Jeanne, dada yake mkubwa, nilitoka kwangu Ixelles na mfuko wangu kwa ajili ya kazi hiyo. Mama yetu alishakufa, donc ni mimi nilikuwa mama.

Sasa maji ya moto yatoke wapi? Ile mashine ilikuwa inazimika. Nusu saa inawaka, halafu taa nyekundu. Ninabonyeza, inawaka tena, nusu saa, imekufa. Siku nne nilikuwa ninagombana na chuma. Rigobert, binamu wa shemeji yangu Modeste, alisema kwa simu kwamba ni kile kifaa kidogo cha ulinzi kinachoisumbua. Mtu anakitoa, anaunganisha nyaya mbili, dakika mbili kazi imekwisha. Modeste akaogopa. Kabla ya kwenda kazini akamwita Kabamba.

Kabamba tulikuwa tunamjua wote, na tulikuwa tunamcheka. Watu wa Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa Bruxelles, walimpa jina Papa Matundu. Kila Oktoba, kabla baridi haijakaza, alikuwa anapita kwa Wazairwa, nyumba kwa nyumba, bila kuitwa, anaomba kuona jikoni. Akifika jikoni anapiga magoti, anaangalia matundu ya hewa chini ya ukuta. Akiona yako wazi, anasema aksanti, anaenda. Wanawake wa barabara ya Chaussée de Wavre walisema anatafuta panya. Zaidi ya hapo tulijua machache: mtu wa Likasi, baba yake fundi wa karakana ya mgodi. Alikuja Bruxelles kusoma, akaacha masomo, akapakia mizigo miaka kadhaa, kisha ghafla akaenda kujifunza kazi ya shodiere kwenye kozi za jioni. Mke hana. Kwa nini hana, nani angemuuliza?

Bon. Alikaa dakika ishirini na tano. Akaomba chai, nikampa, lakini nilimpa kwa mkono mgumu. Mashine ikazimika. Alitikisa kichwa, kisha ndipo akasimama. Aliangalia kipimo cha maji, akasema maji yanatosha. Akaiwasha tena, akaniita nione moto wake. Ulikuwa wa njano. Alisema moto wa gesi wenye afya ni wa buluu. Alipitisha kidole juu ya bati, kidole kikatoka cheusi. Halafu akawasha njiti ya kiberiti, akaishika pale bomba la moshi linapoanzia. Mimi nilitegemea ule moto mdogo uvutwe juu pamoja na moshi. Uliinama kwetu. Akajaribu njiti ya pili, na ya tatu. Zote ziliinama kwetu, moshi unarudi ndani ya nyumba.

Alifunga gesi, akafungua dirisha la jikoni wazi kabisa. Damu ilinichemka. Nikamwambia kuna mzazi humu, nikalifunga. Hakubishana. Alianza kuniuliza maneno yasiyo ya mashine. Nani anaumwa kichwa? Nikasema Antoinette, na anatapika, lakini ni uzazi ule. Na mimi mwenyewe? Kichwa kinanigonga, ni kukosa usingizi. Nikitoka kununua mkate, kinaendelea? Hapana, nje kinapoa. Na mtoto je?

Hapo nilijibu kwa majivuno. Nikasema mtoto wetu ni mtulivu, halii, mpaka tunamwamsha ili anyonye. Tulikuwa tunamsifu kwa wageni. Kabamba akakaa tena kwenye kiti.

Aliniuliza kama kuna tundu la hewa tumelifunga, maana bila hewa ya nje moshi haupandi bombani. Nikasema hapana.

Wacha niseme kweli, maana nimeificha muda wa kutosha. Tundu lilikuwepo, nyuma ya gunia la unga wa mihogo, chini ya ukuta. Siku yangu ya pili pale nilisikia upepo wake miguuni, unaelekea mlango wa chumba cha mzazi. Nikajiambia hawa wazungu ni wajenzi wa namna gani, wanaacha shimo ukutani katika nchi ya theluji. Nikachukua kipande cha kitenge, nikakikunja, nikalishindilia, nikasukuma gunia mbele yake. Nililala vizuri usiku ule, nimemlinda mdogo wangu. Sasa fundi ananiuliza, na uso wake umeshaniambia nilichofanya. Lakini mimi ni dada mkubwa. Ningekubalije mbele ya fundi kwamba ni mkono wangu? Nikasema hapana mara ya pili, kwa sauti kubwa. Nikamwambia afanye alivyosema Rigobert, aunganishe nyaya zake aende, mzazi anataka maji.

Alisema anajua kuziunganisha, ni dakika mbili kweli. Kisha akasema, “Mama, kile kintu kidogo njo kinazima mashine kila mara ju mubakie bazima. Nikikitosha, nikiunganisha nyaya, leo usiku hakuna kitakachoizima.”

Kwa kelele zangu Antoinette alitoka chumbani, anashika ukuta, mtoto begani amelala. Kabamba akamwomba avae koti, amfunike mtoto vizuri, akae karibu na mlango wa nje. Akaufungua ule mlango. Baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nikafungua mdomo nimtukane. Alitangulia kusema, na alisema akitazama kofia yake.

“Mi nilikuwa na mutoto, jina yake Océane. Myezi ine. Tulikuwa tunaishi Ixelles, mu mwaka ya sabini na munane. Baridi ilikuwa inaingia, njo asubuhi moja nikafunga tundu ya jikoni na shimizi yangu ya zamani. Bibi yangu Rolande, mama yake, alikuwa amelala, hakuona. Naye ule mutoto alikuwa anatulia. Tulikuwa tunamusifu.”

Jioni alirudi kutoka kazini, akawakuta kitandani mama na mtoto. Mama aliamka kwa shida. Mtoto hakuamka. Kabamba akafungua madirisha. Kisha, kabla ya kuita mtu yeyote, aliichomoa ile shimizi, shati lake kuukuu, akaiweka mfukoni mwa koti. Daktari aliandika kwamba mtoto amekufa usingizini. Wanawake waliokuja kukaa matanga walinong'ona wao kwa wao kwamba mama amemlalia mwanawe, amemziba pumzi. Maneno yalimfikia Rolande, naye akayaamini.

“Aliniangalia,” Kabamba akasema, “alikuwa anangoja mi niseme kintu. Nikanyamaza.”

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hiyo nimewarushia wengine maisha yangu yote. Siku ile ilinirudia mwenyewe. Antoinette alikuwa ananitazama mimi, si Kabamba. Nikasema, “Ni mimi.” Nikavuta gunia, nikapiga magoti, nikakichomoa kile kitenge kwa vidole vyote. Upepo ukaingia. Sikuweza kusimama, nililia palepale chini na unga umenijaa kwenye nguo.

Kabamba hakunikemea. Aliita gari la wagonjwa. Hospitalini waliwawekea hewa safi puani, mama na mtoto, na daktari akatuambia kwamba damu ya mtoto ilikuwa imeshika sumu ya moshi wa gesi kuliko ya mama. Usiku mmoja zaidi, alisema, asingeumaliza. Siku ya pili mtoto alilia. Alilia kwa koo lote, na wauguzi wakacheka kutuona mimi na Antoinette tunalia naye. Sijasikia kelele tamu kama ile.

Sasa kwetu, aliyemtoa mtoto kwenye kifo, mtoto anapewa jina la nyumbani kwake. Modeste alivaa suti, tukaenda kwa Kabamba, chumba kimoja juu ya duka la vitenge. Modeste akamwambia kwamba kule komini, ofisi ya serikali ya mtaa, bado hajaandikisha mtoto, na angependa aitwe Océane. Kabamba akakataa. Alisema jina lile si lake kuligawa, ni la Rolande aliyemzaa, na Rolande mpaka leo hajui habari ya shimizi.

Nikamwambia basi twende tukamwambie. Mwanamume haendi peke yake kukiri kosa mbele ya mwanamke aliyemkosea. Anatanguliwa na mama mtu mzima, anayefungua maneno. Ni nani mwingine angefungua yale, kama si mimi? Jumamosi tulipanda treni mpaka Liège, mji aliohamia Rolande walipoachana.

Rolande alifungua mlango mwenyewe. Mwanamke mrefu, nywele zimeanza mvi, taulo la jikoni begani. Alimtambua, asisogee. Nikajitaja, nikasema nimekuja kwa sababu mtoto wa kwetu alikuwa anakufa kwa mkono wangu, na huyu baba amemponya kwa kusema jambo ambalo wewe ulipaswa kulisikia wa kwanza. Nikampisha. Kabamba akasema yote, tundu, shimizi, mfuko wa koti. Hakujitetea.

Rolande alitazama mikono yake. Aliigeuza, akaitazama na upande wa pili.

“Kisha Océane nilizaa bengine batatu,” alisema. “Hata mumoja sikulala naye. Balikuwa banalia mu kitanda yabo, na mi ninakaa chini ku mulango mpaka asubuhi, ninaogopa hii mikono.”

Kabamba alipiga magoti. Rolande hakumwinua, wala hakumfukuza. Aliingia ndani, tukamsikia anamwita binti yake. Alikuja msichana mkubwa wa miaka kumi na tano hivi, daftari mkononi, anashangaa. Rolande akamshika mbele yetu, akamkumbatia kwa mikono miwili, akamkaza, na msichana anauliza maman, kuna nini, maman. Hakumwachia.

Jina la Océane hatukumwomba. Mtoto wetu anaitwa Jémima.