Kipande cha Mwisho cha Filamu ya Mzee wa Kibati

Siku ile sikuwa nimekunywa, wala sikuwa na malaria. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua inapiga mabati ya Birere, mtaa wetu wa Goma. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Niliacha shule mapema nikazunguka Butembo, Beni, Bukavu, kila kazi nikijifunza nusu. Kitu kimoja tu nilikifuata kwa bidii: Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Niliandika huduma yangu ya kutuma mafaili makubwa kwa intaneti. Mwanzoni ilitaka kumeza faili zima kwa mara moja, kumbukumbu ya mashine ikajaa, ikazimika. Baadaye nikaifundisha kukata faili vipande, kutuma kimoja kimoja, na kuviunga vinapofika. Wapiga video za harusi walinipenda sana.

Basi akaingia kibandani kwangu mzee mmoja kutoka Kibati, koti la kijivu, diski mkononi.

— Mutoto yangu, bengine bote banashindwa. Hii filamu iko mukubwa.

— Papa, hii ni filamu ama ni mulima?

Akacheka kidogo. Alitaka imfikie binti yake Furaha, huko Lubumbashi. Walikosana, miaka hawasemezani. Akaniachia namba ya simu ya binti huyo.

— Tuma tu, usifungue. Maneno yenye namuambia iko ku mwisho.

Nikaanza. Vipande mia nne na kumi. Mzee akakaa nyuma yangu. Mtu mwingine angengoja, siyo? Mimi, kilipofika cha mia nne na tisa, nikaifungua filamu pembeni, nione mwanzo tu.

Yalikuwa mazishi. Msalaba, akina mama wanalia, na juu ya jeneza picha kwenye fremu. Niamini: alikuwa mzee huyu aliyekaa nyuma yangu, na koti lilelile.

Kwa woga nikachomoa diski.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Aliichukua mkononi mwangu, akasema polepole:

— Ilibakia kimoja tu.

Akatoka. Nikamkimbilia. Mlangoni motari mmoja, dereva wa pikipiki, alikuwa amejikinga mvua.

— Muzee amepita wapi?

— Muzee gani? Hakuna mutu ametoka hapa. Uko sawa, weye?

Nikampigia Furaha. Baba yake walimzika wiki iliyotangulia. Yeye, binti, alikataa kuja mazishini. Filamu iliyomfikia, bila kipande cha mwisho, haifunguki kwake hata kidogo. Aliniuliza swali moja: «Papa alisema nini?» Hulirudia kila anapopiga, na mimi, niliyemwona mzee kwa macho, sina la kumjibu.

Mimi niliyekuwa sikai mji mmoja mwaka mzima, sasa nimekwama Goma. Huduma siizimi. Kwenye skrini imeandikwa bado inangoja kipande kimoja, nami nangoja pamoja nayo, mchana, mlango wazi, hasa mvua ikinyesha.

Wewe unayesoma, ukikabidhiwa neno la mtu umfikishie mwenzake, lifikishe. Usilichungulie. Huenda aliyekupa hana tena njia ya kulisema mara ya pili.