Chetezo Chini ya Boneti

Gari kuukuu aliloniachia marehemu baba lilikuwa haliwaki siku za Ijumaa tu. Asubuhi naliosha likang'ara, naiosha mpaka injini kwa mpira wa maji, kisha stata inalia weee na gari halishiki. Nikaamua ni husda. Wa kumshuku nilikuwa naye: jirani yangu, aliyekuwa akinisifia gari bila kutaja "Mashaallah". Ndiye huyohuyo aliyekuwa akinisukumia mpaka liwake tuwahi msikitini.

Ijumaa moja nikaita fundi kutoka Malindi. Kabla hajashika kitu, mama mkwe akatoka na chetezo cha makaa na udi, akaniamrisha nifungue boneti. Fundi alipoona moto karibu na petroli, akaruka upande wa pili wa njia. Mama mkwe akafukiza injini yote, pole pole, huku anasoma dua.

"Haya, mwanangu, washa."

Likawaka mara moja! Nikamtupia jicho baya jirani, aliyekuwa keshafika kusukuma kama kawaida yake.

Fundi akarudi, akanyooshea kidole kifuniko cha distribyuta. "Hapa ulikuwa unapajaza maji, mzee, moto haufiki kwenye plagi. Bibi kapakausha kwa makaa. Kashanimalizia kazi. Usioshe injini."

Siioshi tena, na gari linawaka. Mama mkwe anasema ni udi wake. Jirani bado sijamtaka radhi. Nikianza, itabidi nimweleze kwamba Ijumaa zote zile, kanzu yake ikirowa jasho, alikuwa anausukuma ujinga wangu.