Trekta la Natta na Maksai wa Dada

Dada yangu mkubwa, Robi, anayelima Ringwani, alinipigia simu niende nikaangalie trekta. Mzee mmoja wa Natta alikuwa tayari kumwachia trekta lake kuukuu kwa kubadilishana na maksai wake wote wanane. Mvua zilikuwa zinakaribia. Trekta likiwa bovu, dada angebaki bila cha kulimia, na shamba ndilo linalowalisha nyumbani kwake. Kwa kuwa nimeendesha lori la dizeli miaka mingi, ukoo mzima huniona fundi, nami sijawahi kuwakatalia.

Alfajiri niliondoka Tarime. Lori langu ni la pistoni sita, na milima ya kuelekea Nyamongo huliumbua. Injini ya lori hutaka mbio. Mzunguko ukishuka nguvu hukata, unarudisha gia mpaka zinakuishia. Trekta la pistoni tatu nililoendesha ujanani lilikuwa kinyume chake, likivuta vizuri zaidi lilipozunguka polepole. Moshi nao niliuzoea: mweusi mlimani si neno, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe wakati wa kuwasha ni dalili ya injini iliyochoka.

Saa nne nilifika Ringwani, nikaegesha juu ya mteremko, mbali kidogo na nyumba ya dada.

"Uwanja wote huu, wewe unaegesha mlimani?" aliuliza.

"Mazoea tu, dada."

Saa saba tulikuwa Natta, na huko pia nikatafuta mteremko. Dada alipokuwa akisalimiana na mwenye trekta, Mzee Makuru, mimi niliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya moto.

"Shikamoo, mzee. Leo limelima?"

"Marahaba. Aa, hii imelala tangu juzi."

Akapanda, akagusa stata mara moja tu. Trekta likanguruma, moshi hauonekani. Dada alinitazama kwa furaha, na nakiri hata mimi moyo ulinienda. Lilikuwa na sauti nzito, tulivu, ya mashine isiyo na haraka.

"Basi tulipumzishe kwanza," nilisema lilipozimwa. "Naomba nishike ufunguo."

Tulikaribishwa ugali na kuku. Kabla ya kunawa, mzee alitaka kulisogeza trekta kivulini. Baada ya kula alitaka tusikie jinsi linavyopanda mwendo. Ufunguo ulibaki mfukoni mwangu.

Alasiri, injini ilipopoa kabisa, nilimrudishia. Stata ilizungusha, ikazungusha tena. Moshi mweupe ukatanda mpaka kuku wakahama uwanja, na trekta halikuwaka.

"Ni hii baridi," alisema mzee. Jua lilikuwa linatuchoma visogo.

"Mzee wangu," dada alimjibu taratibu, "maksai wangu huwa wanaamka wenyewe."

Tukaagana kwa heshima.

Njiani dada aliniuliza nilijuaje kwamba mzee aliipasha injini kabla hatujafika. Nikamwambia ni uzoefu wa kazi. Jioni tulifika Ringwani mvua ikinyesha. Mteremko ulikuwa tope tupu, nikalazimika kuliacha lori uwanjani, mahali tambarare.

Asubuhi niligeuza ufunguo. Stata ilizungusha, ikachoka, na moshi mweupe ukaujaza uwanja wa dada vilevile kama wa Natta. Yeye alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mdogo wangu, na hili ulilinunua likiwa la moto?"

"La moto kabisa, dada."

Niliona aibu. Miaka yote nyumbani nilikuwa nikisingizia betri, nikiegesha mteremkoni ili lori liserereke ndipo liwake. Dada alikwenda zizini, akawafunga maksai nira, tukatia mnyororo mbele ya lori.

Nimelinganisha injini nyingi katika maisha yangu. Asubuhi ile maksai wanane walinivuta hadi juu ya mteremko, na hakuna hata mmoja aliyetoa moshi.