Mashine Iliyomkataa Atoo

Namalwa hakuwa mtu wa kupendeka, na hilo alilijua mwenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, Mbukusu wa Bungoma aliyevuka mpaka kuja Kampala kutafuta kazi, na kazi aliyoipata ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Ungedhani mtu wa kazi hiyo nyumba yake huwasha taa kwa kuamrishwa. Wapi! Nyumba yake ya Kisugu aliifunga kwa kufuli. Mfukoni alibeba simu ya vitufe, ile ya mulika mwizi. Runinga aliigawa siku ilipomdai nywila kabla ya kumwonyesha taarifa ya habari.

"Kila kifaa kina chakula chake, nacho ni habari za mtu," aliwaambia vijana wa ofisini. "Kula si kosa. Kinachonikera ni kwamba kinakula kimyakimya. Anayeuza hasemi, na anayenunua haulizi."

"Na wewe unayetengeneza?" waliuliza wakicheka.

Hapo Namalwa alinuna, akageukia kompyuta yake.

Ofisi ilikuwa Nakasero, ghorofa ya nne ya jumba la kupanga. Bosi alikuwa Travis, Mkenya mwenzake, kijana wa sauti laini ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Walitengeneza mashine za mahudhurio: mfanyakazi akifika asubuhi anabonyeza kidole, mashine inamtambua, jina lake linaingia. Hata mwenye jumba lile alinunua moja, akaifunga pale chini kwenye meza ya walinzi, kwa ajili ya walinzi na wafanya usafi.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Namalwa alifika mlangoni akakuta njia imezibwa. Aliyesimama katikati alikuwa Ojera, mkuu wa walinzi, sajenti mstaafu wa huko Kitgum, kaskazini. Kwa miaka sita walikuwa wakisalimiana.

"Kitambulisho," Ojera alisema.

"Afande, kuna nini leo?"

"Kitambulisho, madamu."

Akampa. Ojera akakitazama, akamtazama yeye, akamrudishia.

"Hapana fanana. Jaribu tena."

"Nijaribu nini?"

"Toa tena. Polepole. Panguza mkono kwanza."

Nyuma yao watu walianza kujaa. Namalwa alihisi masikio yanawaka. "Mimi ni Namalwa! Unanijua!"

"Mimi najua wewe. Lakini macho yangu leo nakataa. Kesho rudi, pengine itakubali." Ojera hakuwa akicheka. "Hivi ndiyo mashine yako ilifanya shemeji yangu, Atoo, ile nasafisha hapa. Siku kumi na moja. Ijumaa walifukuza yeye."

Alimweka pale nusu saa nzima. Alipomwachia apite, Namalwa alipanda ngazi akiwa amefura, na huruma hakuwa nayo hata chembe. Alifungua kumbukumbu za mashine kwa nia moja tu: apate ushahidi kwamba sajenti ni mwongo, ashuke akamtupie usoni.

Jina la Atoo lilikuwepo. Siku ya kwanza ya zile kumi na moja, saa kumi na mbili kasoro dakika mbili asubuhi, alibonyeza kidole, akakataliwa. Akabonyeza tena. Mara tisa. Siku ya pili mara kumi na nne. Siku ya mwisho mara ishirini na mbili. Kati ya jaribio na jaribio kulikuwa na sekunde nne, tano. Namalwa alizielewa, ni muda wa mtu kufuta kidole kwenye sketi. Na chini ya kila siku, mashine ilikuwa imeandika: *Hakufika.*

Sababu aliijua kabla hajaitafuta. Mashine ile hukipa kila kidole alama, kutoka sifuri hadi mia, kwa jinsi kinavyofanana na kile ilichokihifadhi. Chini ya mstari fulani, unakataliwa. Mstari ule aliupandisha Namalwa mwenyewe, miaka miwili nyuma, baada ya Travis kumwambia wateja wanataka mashine kali zaidi. Aliupandisha, kisha akaandika barua pepe kuonya kwamba vidole vya mtu anayeshinda kwenye maji na dawa kali ya sakafu hulika hadi michirizi yake kufutika, na kwamba watu hao wawekewe njia nyingine, namba ya siri kwa mfano. Travis alijibu: "Tutaliangalia." Namalwa hakuuliza tena. Alikuwa ameshasema, na kwake kusema kulitosha.

Aliingia kwa Travis bila kubisha.

"Mmoja tu?" Travis aliuliza baada ya kumsikiliza. "Katika jumba zima, mmoja? Dada, hiyo ni mashine nzuri sana."

"Amefukuzwa kazi, Travis. Kwa siku ambazo alikuwa hapa."

"Sisi hatukumfukuza. Meneja wa jumba ndiye aliyemfukuza. Na umesahau kwa nini mashine ilinunuliwa? Daftari la zamani lilikuwa uongo mtupu. Nusu ya majina yale, wenyewe walikuwa wamelala kwenye baa za Kabalagala. Na mwandishi wa daftari unamjua."

Namalwa alimjua. Alikuwa Ojera.

"Barua yangu ninayo," alisema. "Na jibu lako ninalo. Wiki hii njia ya namba ya siri isipowekwa, na huyu mama asiporudishwa, meneja atazisoma zote mbili. Halafu nitazituma kwa wateja wengine."

"Unanitisha?"

"Ndiyo."

Travis aliisukuma kompyuta yake pembeni. "Jina lako nalo limo kwenye hiyo kazi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini. Hata hivyo, Alhamisi njia ya namba ya siri ilikuwa tayari, na meneja akatamka kwamba Atoo anaweza kurudi.

Jioni ile Namalwa alishuka mpaka meza ya walinzi kuuliza nyumba ya Atoo ilipo. Alikuwa hajasahau ile nusu saa.

"Ungeandika daftari kwa ukweli, afande, mashine hii isingekanyaga hapa. Wewe ndiye uliyeiita."

Ojera alisimama taratibu. "Ndiyo, mimi niliandika mlinzi Otema iko kazini, na yeye iko nalewa. Mimi niliongopa. Lakini daftari yangu hapana fukuza mtu iko mbele yake na ndoo."

Walikwenda Kisugu pamoja, Ojera mbele, Namalwa nyuma. Ilikuwa aibu kwake kugundua kwamba nyumba ya Atoo ni njia nne tu kutoka kwake.

Atoo alikuwa uani, anafua. Mjane wa askari, mwenye miaka hamsini na kitu, mwembamba, kitambaa kichwani. Hakuinuka.

"Mama, shikamoo. Naitwa Namalwa. Ninatoka..."

"Mimi najua wewe. Ghorofa ya nne. Viatu nyeusi."

Namalwa alieleza yote: mstari, alama, namba ya siri, ruhusa ya kurudi. Alieleza vizuri, kama mtu anayejua kazi yake. Atoo aliendelea kukamua shuka.

"Maliza?" aliuliza.

"Nimemaliza. Na ninaomba radhi."

"Sasa sikiliza. Mashine hapana macho, mimi hapana kasirika na mashine. Siku ile ya mwisho mimi nasimama mbele ya meneja, dekio iko mkononi, sakafu yake bado maji. Yeye naangalia kompyuta, nasema, 'Mama, wewe hukuwa hapa.' Mimi nasema, 'Bwana, angalia mimi.' Yeye naangalia kompyuta tena." Akaitundika shuka kwenye kamba. "Na wewe? Siku kumi na moja zote ulipita juu ya sakafu yangu. Mtu angeuliza wewe, 'Huyu mama iko?' ungesema nini?"

Namalwa alikumbuka sakafu yenye maji, alikumbuka kuinua sketi ili asiichafue. Uso wa aliyekuwa akipiga deki hakuukumbuka.

"Ningesema sijui," alijibu.

"Basi. Hapo ni kweli." Atoo akamgeukia Ojera. "Na wewe, shemeji, hapana leta watu hapa kulilia mimi. Kazi ile sirudi. Nimepata nguo za kufua, na mwenye nguo anakuja naona mimi kwa macho. Nendeni."

Akaufunga mlango wa ua. Ulikuwa wa mabati, ukapiga kelele.

Nje, Ojera aliteremka zake. Namalwa alibaki barabarani. Alizoea kuwa na hasira na vitu: na simu, na kamera, na wauzaji. Jioni ile aliitafuta hasira hiyo asiipate. Iliyokuwepo ilimwelekea yeye mwenyewe.

Mwezi uliofuata Travis aliwatangazia wateja wote njia ya namba ya siri kama ubunifu mpya, na akaupokea mkono wa pongezi kikaoni. Namalwa alikuwa amekaa palepale. Hakupiga makofi. Aliinua mkono, akasema mbele ya wateja jinsi wazo lile lilivyokaa miaka miwili bila kuguswa, na nani aliyelipia gharama yake. Akamtaja Atoo kwa jina. Mteja mmoja akafunga kompyuta yake akaondoka, na Travis hakumsemesha tena Namalwa ila kwa maandishi.